Tulichagua Mlima wa Jirani



Kila mwaka, likizo ikikaribia, vijana wa kanisa wanakuja kwangu hapa Fataki na ulizo moja: "Pasta, mara hii tutatembea wapi?" Wengine wana kinga, wengine wana miguu yao tu. Siwalaumu. Sisi ni watu wa milima, na kijana akiona mlima anataka kujua kuna nini ng'ambo yake. Hata mimi nilikuwa hivyo. Wakati nchi yetu ilipokuwa ingali Zaïre, baba yangu alikuwa anapakia viazi juu ya kinga na kuvipeleka sokoni, na mimi mtoto nilikuwa nasukuma nyuma kwenye mipando. Nilijifunza mapema kwamba mlima hauangalii maneno ya kinywa chako. Unaangalia pumzi yako, freni zako, na namna unavyopatana na watu wa njiani.

Lakini mara moja ulizo hilo lilinishinda. Ni habari hiyo nataka kuwaelezea ninyi mlioko Mongbwalu, Kilo, Bambu na mahali pengine pa dhahabu, kwa sababu watano kati ya vijana wale walitoka kwenu.

TULIKETI KWANZA

Ilikuwa mwisho wa mwaka 2023. Vijana kumi na wawili walikutana kanisani: saba wa hapa, na watano waliotoka Mongbwalu kuona jamaa zao wakati wa Noeli. Mmoja wa hao watano ni kijana wa mabega mapana, anayefanya kazi kwenye mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Akatoa telefone yake, akatuonyesha picha ya Ruwenzori yenye theluji.

"Pasta," akasema, "feza iko. Tupande ule mulima. Sisi batu ya Ituri tunashindwa nini?"

Wenzake wakapiga mikono. Mimi nikakumbuka mfano wa Bwana Yesu katika Luka 14, juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, namna anavyopaswa kuketi na kuhesabu gharama kabla ya kuanza. Nikawaambia: "Watoto wangu, tuketi kwanza." Nikachukua chaki, nikaandika mashauri matatu juu ya ubao.

Shauri la kwanza lilikuwa Ruwenzori. Kilele chake, Margherita, kina metre 5,109. Ni cha tatu kwa urefu katika Afrika, nyuma ya Kilimanjaro yenye metre 5,895 na mlima Kenya wenye metre 5,199. Luigi Amedeo, mtoto wa jamaa ya wafalme wa Italia, alifika kule juu mwaka 1906, akiwa na kundi kubwa la wabeba mizigo. Upande wetu wa Congo njia inaanzia Mutwanga, ndani ya Parke ya Virunga iliyoanzishwa mwaka 1925. Lakini wote mnajua kwamba katika miaka hii ADF wameua watu wengi sana upande wa Beni na chini ya mlima ule. Ukipitia Uganda, kuna karatasi za mpaka, kuna watu wa kukuongoza, kuna siku nyingi za kutembea ndani ya matope na baridi, na mtu mmoja analipa mamia ya dolari.

Tena kuna shauri la mwili. Juu ya metre 5,000 hewa ambayo mtu anaivuta ina nguvu karibu nusu tu ya ile ya pwani. Ndiyo maana wenye kujua wanasema: ukipita metre 3,000, usipandishe mahali pako pa kulala kwa zaidi ya metre 500 kwa siku moja. Mwenye haraka anaanza kuumwa kichwa na kutapika. Akiendelea kupanda, anaweza kupepesuka kama mlevi, ao kukosa pumzi hata akiwa ameketi, na hapo kifo si mbali. Dawa ya kwanza ni moja: kushuka.

Yule kijana akanung'unika: "Basi ni mulima ya batajiri."

Nikamjibu: "Ni mlima wa mwenye wakati, mwenye fedha, na mwenye njia ya amani. Sisi leo hatuna hata kimoja cha kutosha."

Shauri la pili lilikuwa kushuka ziwani kwa kinga, kupitia Bogoro mpaka Kasenyi. Wenye kinga wakafurahi, maana ziwa Albert liko kwenye metre 619 tu, na sisi tunakaa juu sana. Wakafikiri ni kuteremka tu kama ndege. Nikawaeleza yaliyonipata nikiwa kijana. Tulikuwa wawili, tukashuka mtelemko ule tukiimba. Rafiki yangu alishika freni bila kupumzisha, na mipira ya freni ikapata moto mpaka ikalainika, ikakataa kushika. Alijitupa kwenye majani kusudi asianguke bondeni, akavunjika mfupa wa bega. Kisha tulikuwa na kazi ya kupanda tena, katika joto la ziwani, mimi nikisukuma kinga mbili na yeye akilia. Kushuka ni bure, lakini kurudi unalipa. Hata hilo tukalifuta.

Shauri la tatu lilikuwa milima yetu wenyewe. Mwaka 1864 Samuel Baker, Mwingereza, alisimama ng'ambo ya ziwa, upande wa Bunyoro, akaona milima yetu kwa mbali, akaiita ya buluu. Mpaka leo inaitwa Monts Bleus. Wageni waliisifu, na sisi tunaokaa juu yake hatujaitembelea. Nikasema: tutoke Fataki kwa kinga kwa njia ya Kpandroma na Rethy, tuache kinga mahali pa salama, kisha tupande kwa miguu kuelekea mlima Aboro, wenye metre zaidi ya 2,400. Theluji hakuna. Ugonjwa wa urefu unaanza zaidi baada ya metre 2,500, kwa hiyo tutakuwa chini yake. Maji yako, baridi ni ya triko tu, na gharama ni chakula.

Nilingoja wapige mikono tena. Hakuna mtu aliyesema neno.

KILICHOTUNYAMAZISHA

Ndugu zangu wa Ituri, ninyi mnaelewa. Vita vya mwaka 1999 vilipita katika njia ile. Mwaka 2003 hapa Fataki watu waliuawa na wengine wakakimbia. Tulirudi, tukajenga, tukapanda miti. Tangu mwezi wa 12 mwaka 2017 moto ukawaka tena, na wengi wetu tukajikuta tena Bunia chini ya hema. Sitaandika majina ya makabila, maana kila msomaji anayajua. Inatosha kusema kwamba watu wa mlima ule wanatuogopa sisi, na sisi tunawaogopa wao, na kila upande una makaburi ya kuonyesha.

Kweli, mwezi wa 6 mwaka 2023, kule Aru, wakubwa wa makundi ya silaha waliahidi kuacha vita na wakatia sahihi. Lakini karatasi haikufunga bunduki zote, na watu waliendelea kufa hata baada ya siku ile.

Mama mmoja wa kanisa, aliyekuwa anapanga viti, alisikia shauri letu. Akasimama, akasema: "Pasta, mutoto wangu alifia mu ile njia. Leo unataka kupeleka benye babakia?"

Sikuwa na jibu. Tulifunga kwa maombi, nikarudi nyumbani, nisiweze kula.

Usiku ule nilifikiri juu ya Apolo Kivebulaya, mhubiri wa Uganda. Mwaka 1896 alitoka Toro, akavuka mto Semliki, akafika Mboga katika Ituri yetu. Hakuchagua nchi ile kwa uzuri wake. Alipigwa, alifungwa, kisha akarudi kwa watu wale wale. Alipokufa mwaka 1933 alizikwa Mboga, kichwa kikielekea magharibi kwenye pori, kwa sababu ndivyo alivyoomba mwenyewe: Injili iendelee kwenda mbele upande ule. Nikajiambia: basi twende kama Apolo. Lakini wazo lingine likanishika. Apolo alihatarisha maisha yake mwenyewe, hakuhatarisha watoto wa watu. Mchungaji anayetangulia ni kitu kimoja. Mchungaji anayetuma vijana mbele na yeye anafuata na Biblia ni kitu kingine.

Asubuhi nikamwambia mke wangu: "Miguu yangu itakwenda kwanza."

NILIKWENDA KUULIZA

Nilikwenda na mzee mmoja wa kanisa, siku ya soko, tukisukuma kinga yenye chumvi na sabuni kama watu wengine. Kule tulimtafuta pasta mwenzangu, na yeye akatupeleka kwa kapita wa kijiji. Nilimwambia wazi: tuko watu kumi na watatu, vijana wa kanisa, tunataka kupanda mlima na kurudi. Tupitie njia gani? Siku gani? Nani wa kwenu atatembea pamoja nasi?

Kapita alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema: "Musikuye asubui mapema, batu batazani ni vita. Mukuye siku ya soko. Kati yenu kuwe na babinti. Musivae nguo ya rangi ya soda, na mukiona batoto banakimbia, musimame, musibafuate."

Hakusema "karibu." Lakini alitoa vijana wawili, akaagiza watungoje kwenye kijito, na aliuliza hesabu yetu mara mbili kusudi akumbuke.

Nilirudi, nikapita kwanza kwa yule mama, nikamwambia yote. Akasikiliza akiwa anachambua maharagi. Akasema: "Sitakukataza, Pasta. Lakini yule wangu aliyebaki, hataenda." Nikamwambia amefanya vema. Mlima wa namna hii mtu halazimishwi. Basi vijana wakabaki kumi na mmoja.

NJIANI

Tulikwenda mwezi wa kwanza, wakati wa kiangazi, maana kwetu mvua ikinyesha njia za juu zinakuwa sabuni na radi inapiga vilele saa za mchana. Tuliacha kinga kanisani kwa pasta mwenzangu. Wale vijana wawili walikuwa kwenye kijito kama kapita alivyosema. Mwanzoni walitembea mbele yetu, mbali kidogo, na sisi nyuma. Hakuna aliyezungumza.

Sisi wote tulidhani kama mtu atachoka, atakuwa binti mmoja wa korali, mwembamba sana. Yule kijana wa mabega mapana alitangulia akikimbia. Lakini kwenye mpando wa pili tulimkuta ameketi juu ya jiwe. Alikuwa anakohoa, midomo imebadilika rangi, na hata baada ya kupumzika pumzi yake ilikuwa fupi, fupi. Binti wa korali alikuwa amesimama karibu naye, hajatoka hata jasho.

Metre 2,000 na kitu si urefu wa kumshinda kijana wa miaka 24. Nikamwuliza polepole, ndipo akasema kwamba anakohoa tangu miezi mingi. Alifikiri ni baridi ya usiku. Alikuwa hajamwambia mtu, maana kwenye mashine mtu anayekohoa anabadilishwa na mwingine.

Ndugu zangu wa dhahabu, sikilizeni neno hili. Vumbi la mawe meupe mnayotwanga na kusaga linaingia ndani ya mapafu na halitoki. Linakausha mapafu polepole, na kovu lake haliponi. Tena linafungulia kifua kikuu mlango. Mtu anaweza kubeba mfuko mzito kila siku katika bonde na asijue kitu, mpaka siku mlima unapomwuliza.

Kilele kilikuwa kinaonekana. Wengine wakasema yeye angoje, sisi tupande upesi na kurudi. Hata yeye mwenyewe alisema: "Muende, mimi nitangoja hapa." Lakini tulikuwa tumepatana kanisani kwamba wote watakaopanda watashuka pamoja, na hakuna atakayebaki peke yake katika nchi isiyo yake. Ndipo mmoja wa wale vijana wa kijiji, ambaye tangu asubuhi hakutuambia zaidi ya maneno kumi, akasema: "Nyumba ya bibi yangu iko karibu. Kuko moto."

Basi tukageuka. Kilele cha Aboro hatukufika.

Bibi alikuwa mzee wa kutembea na fimbo. Alimweka mgonjwa karibu na moto, akatupikia viazi na chai. Kisha akauliza tumetoka wapi. Niliona vijana wangu wameinamisha macho. Nikajibu: "Fataki, mama."

Wote tukanyamaza. Nilisikia moto tu.

"Fataki," akasema. "Kule nilizalia batoto yangu babili, ku hospitali. Tangu 2017 sijafika. Ile soko ya viazi ingali?"

Nikamwambia ingali, ijapo si kubwa kama zamani. Binti wa korali akasema: "Bibi, siku ukikuja utalala kwetu." Bibi hakumjibu. Alichukua viazi vilivyobaki, akaviweka ndani ya mfuko wa yule binti, akafunga yeye mwenyewe.

MTU AKITAKA KUCHAGUA MLIMA

Wengi mtaniuliza namna ya kuchagua, hasa ninyi mnaopata siku chache za kupumzika na fedha kidogo mfukoni. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Uliza kwanza nani anakaa kule, kabla ya kuuliza urefu wa mlima. Mtu mzima aende mbele, aseme na mkubwa wa kijiji, aseme hesabu ya watu na siku. Kama jibu ni "hapana", ni hapana. Habari za usalama zinabadilika kwa juma moja, kwa hiyo uliza tena siku ile ya kuondoka.

2. Pima mwili, usipime mabega. Anayekohoa zaidi ya majuma mawili aende kwanza kwa munganga kupimwa kifua kikuu, asiende mlimani.

3. Chagua wakati wa kiangazi, anza asubuhi baada ya kijiji kuamka, na uwe umetoka kwenye kilele kabla ya mawingu ya mchana. Kumbuka kila metre 1,000 unazopanda baridi inaongezeka karibu digri sita. Triko ni ya lazima hata kama bondeni kuna joto.

4. Mwenye kinga aangalie freni zote mbili na mipira kabla ya kuondoka. Kwenye mtelemko mrefu ashike na kuachia, ashike na kuachia, na asimame mara kwa mara kupoza magurudumu. Mahali asipoona mbele, ashuke na kusukuma. Hakuna haya.

5. Mwendo wa kundi ni mwendo wa mnyonge. Mkipatana hivyo nyumbani, hamtabishana mbele ya kilele.

Yule kijana tulimpeleka hospitalini. Walipima, hakuwa na kifua kikuu, lakini walimwambia mapafu yameumia kwa vumbi na akirudi kwenye mashine hatazeeka. Sasa anafanya kazi ya kuosha mchanga, penye maji. Anapata fedha kidogo kuliko zamani, na analalamika kila tunapoonana. Lakini analalamika akiwa na pumzi.

Bibi wa mlimani hajafika Fataki bado. Sitawadanganya kwamba safari moja ya viazi na chai imeleta amani. Lakini siku ya soko iliyofuata wale vijana wawili walishuka na viazi vyao mpaka kwetu, mara ya kwanza, wakalala kwa mzazi wa binti wa korali.

Na yule mama aliyenikatalia mtoto wake, Jumapili moja baada ya ibada, alikaa mpaka watu wote wakatoka. Alikuwa anapanga viti kama kawaida yake. Akaniuliza bila kunitazama: "Pasta, ule bibi... ye alibakia na batoto bangapi?"

Nikamwambia sikumwuliza.

"Siku utarudi kule," akasema, "umuulize."

Tutarudi mwezi wa kwanza unaokuja, Mungu akipenda na kapita akikubali. Ninyi mlioko kwenye dhahabu, mnaotaka kuja, leteni triko, na leteni kwanza karatasi ya munganga. Nyumbani someni pamoja Zaburi 121, kisha zungumzeni: katika milima yetu, ni upi tunaouogopa, na ni nani anayekaa juu yake?

Mungu awabariki.